Taya la Maastricht na mjusi wetu wa Berlin

Wapo wanaodhani ni sisi Waafrika peke yetu tulionyang'anywa mifupa ya kale. Wakawaulize watu wa Maastricht, mji ulioko kusini kabisa mwa Uholanzi. Fuvu mashuhuri kuliko yote yaliyowahi kutoka katika ardhi yao liko Paris tangu jeshi la Ufaransa lilipouteka mji huo mwishoni mwa mwaka 1794. Waliwahi kuazimwa kwa maonyesho mwaka 2009, kisha likarudishwa lilikotoka. Uholanzi na Ufaransa wako pamoja katika Umoja wa Ulaya na wanatumia sarafu moja, lakini kwenye suala la fuvu hilo undugu unaishia mlangoni mwa makumbusho.

Nayasema haya kwa sababu hapa Lindi mjadala wa mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa huku na kupelekwa Berlin, hauishi vijiweni. Ukianza tu, watu wanagawanyika: huku wanaotaka arudishwe kesho asubuhi, kule wanaosema aachwe hukohuko Berlin maana sisi tutamtunzia wapi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, nimekula chaki za mkoa huu karibu maisha yangu yote ya kazi, na pande zote mbili zinanichosha. Kisa cha Maastricht kinawajibu wote, ila lazima kisimuliwe kwa utaratibu, kuanzia kwa mnyama mwenyewe.

Mnyama huyo ni mosasauri. Vijana wanamjua kutoka sinema ya Jurassic World ya mwaka 2015, pale anaporuka kutoka kwenye bwawa na kumeza papa mzima huku watazamaji wakilowana. Sinema ilimkuza kupita kiasi, na wala hakuwa na haja ya kukuzwa. Wataalamu waliopima mabaki ya jamii yake kubwa kabisa wametoa makadirio ya urefu kuanzia mita 11 hadi 17. Hakuwa dinosaria. Alikuwa mjusi kwelikweli, wa ukoo wa kenge na nyoka, ambaye mababu zake waliacha nchi kavu wakarudi baharini, miguu ikawa makasia na mkia ukaota pezi. Mabaki yaliyopatikana Jordan, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalihifadhi hata umbo la nyama ya pezi hilo la mkiani. Alipanda juu kuvuta hewa kama nyangumi, na alizaa watoto majini badala ya kutoka kwenda kutaga mchangani. Aliwinda mpaka siku za mwisho za dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, akatoweka pamoja nao.

Mtu wa Lindi hahitaji sinema kumwelewa. Kaa kando ya mto Lukuledi jua linapochomoza utamwona kenge akijivuta kutoka kwenye matete, tumbo linagusa tope, ulimi wenye ncha mbili unatoka na kuingia, anaonja hewa kama mpishi anayeonja mchuzi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuwa wakiniletea kenge aliyegongwa na gari barabarani, tunamlaza juu ya gazeti, namfungua kinywa kwa kijiti. Kisha tunalinganisha na fuvu la chatu lililokuwa kabatini. Hapo darasa lilikuwa likinyamaza, kwa sababu chatu, ndani ya safu ya meno ya tayani, ana safu nyingine mbili juu kwenye kaakaa, zote zimeinama kuelekea kooni. Kenge hana. Mosasauri alikuwa nazo. Meno hayo hayatafuni chochote. Kazi yake ni kushikilia windo wakati taya linapojisogeza mbele kulikamata upya, na windo likishaingia hapo halina njia ya kurudi nyuma.

Miaka kadhaa baadaye nilipelekwa Maastricht kwa kozi fupi ya uongozi, na Jumamosi moja nikaenda makumbusho yao ya viumbe asilia. Hapo nikayaona yale meno ya kaakaani kwa macho yangu, madogo, yaliyopinda, yamepangana kwenye mfupa wake juu ya kipande kikubwa cha jiwe la chokaa. Mataya yamelala ovyo, moja limevuka jingine. Kwenye shina la jino moja kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu jino changa linalosubiri zamu yake, kwa sababu mnyama huyu alikuwa akibadilisha meno maisha yake yote. Nilisimama pale muda mrefu hadi mlinzi akaanza kunitazama. Niliyekuwa namtazama ni nakala ya plasta, na maelezo ya ukutani yanakiri hivyo bila aibu: fuvu lenyewe liko Paris.

Sasa twende kwenye machimbo fuvu hilo lilikotoka. Nje ya mji kuna kilima kinachoitwa Sint-Pietersberg, jiwe lake laini la rangi ya manjano hafifu, ambalo watu wamelikata kwa misumeno karne kwa karne hadi chini ya ardhi pamekuwa vichochoro visivyo na idadi. (Wakati wa vita kuu ya pili Waholanzi waliuficha humo mchoro wao wa fahari, ule wa Rembrandt wa walinzi wa usiku.) Katika miaka ya 1760 humo lilipatikana fuvu la kwanza, ambalo baadaye lilinunuliwa na makumbusho ya Teylers ya Haarlem na liko huko hadi leo. La pili, zuri zaidi, lilikatwa miaka iliyofuata na kuishia nyumbani kwa padri aitwaye Godding. Daktari wa upasuaji wa jeshini, Johann Leonard Hoffmann, aliyekuwa akikusanya mifupa ya kilima hicho, aliwaandikia wataalamu habari zake.

Hapa ndipo penye utamu. Kisa kinachojulikana duniani kote kinasema Hoffmann ndiye aliyewalipa wachimbaji na kulitoa fuvu kwa jasho lake, padri akatumia haki yake ya umiliki wa ardhi kumshtaki, akashinda, daktari akapoteza fuvu na gharama za kesi juu. Halafu Wafaransa wakaja. Wapiga mizinga wakaamriwa wasiiguse nyumba ya padri. Padri akashtuka, akalihamisha fuvu usiku. Mwakilishi wa serikali ya mapinduzi akatangaza zawadi ya chupa 600 za mvinyo kwa atakayelileta, na kesho yake askari 12 wakafika nalo mabegani. Kwa hiyo mapinduzi yalimtendea haki marehemu daktari.

Hadithi tamu, sivyo? Aliyeiandika ni Faujas de Saint-Fond, katika kitabu chake cha mwaka 1799. Naye alikuwa mmoja wa makamishna waliotumwa na Ufaransa kukusanya vitu vya elimu na sanaa katika nchi zilizotekwa. Watafiti waliopekua nyaraka baadaye hawakuona dalili ya kesi hiyo. Godding alikuwa mwenye ardhi iliyo juu ya machimbo, basi. Lakini ukishamfanya padri kuwa mnyang'anyi, wewe uliyekuja na mizinga unageuka mwamuzi. Nimewafundisha watoto wengi kusoma maelezo chini ya picha kabla ya kuitazama picha; nawashauri na watu wazima wafanye hivyohivyo wanapoingia makumbusho yoyote ya Ulaya.

Kuhusu kumtambua mnyama, wakubwa walikosana. Hoffmann alisema ni mamba, Faujas naye akasema mamba. Petrus Camper, bingwa wa anatomia wa Uholanzi, akasema mwaka 1786 kwamba ni nyangumi. Aliyeona sawasawa ni mwanawe, Adriaan Camper, aliyempinga marehemu baba yake na kuonyesha kwamba mifupa ile ni ya mjusi mkubwa wa jamii ya kenge. Katika msafara wa mamba na kenge wamo, na safari hii kenge ndiye aliyekuwa mwenye msafara. Mwaka 1808 bingwa wa anatomia wa Ufaransa, Georges Cuvier, akakubali, akitumia fuvu lililoko Paris, na kwa mamlaka yake jambo likaisha. Fuvu hilo lilimsaidia kujenga hoja iliyowashtua wacha Mungu wa zama zake: kwamba aina nzima za viumbe zinaweza kufutika duniani zisionekane tena. Jina la Mosasaurus, kutokana na mto Meuse unaopita Maastricht, lilitolewa mwaka 1822, na mwaka 1829 likaongezwa la Hoffmann. Wachimbaji walioligonga jiwe hawatajwi popote.

Kwetu je? Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, ilianza kuandikwa mwaka 1906 wakati mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alipotoa taarifa ya mifupa mikubwa iliyojitokeza ardhini. Vita vya Majimaji vilikuwa bado vinaunguruma, watu wa kusini wanakufa kwa risasi na kwa njaa. Kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin ikachimba chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Nasema ikachimba kwa mazoea tu. Waliochimba ni watu wetu, mamia yao, na waliobeba ni watu wetu, mizigo ya mifupa iliyofunikwa kwa plasta ikipelekwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Aliyekuwa msimamizi wao ni Boheti bin Amrani, fundi ambaye Wajerumani wenyewe walimsifu kwa jicho lake.

Tazama majina yalivyogawiwa. Mnyama mkubwa anayesimama Berlin alipewa mwaka 1914 jina la Branca, mkurugenzi wa makumbusho. Mwingine mdogo akapewa mwaka 1919 jina la Lettow-Vorbeck, jenerali aliyepigana vita vya Wazungu wenyewe katika mashamba yetu na kuyaacha yakiwa majivu. Boheti alisubiri hadi mwaka 2007, Mjerumani mmoja alipompa jina lake dinosaria mwingine wa Tendaguru, Australodocus bohetii. Karibu karne nzima. Namshukuru aliyefanya hivyo, lakini nawauliza walimu wenzangu: ni shule ngapi za Lindi ambazo mtoto anaweza kukutajia jina la Boheti?

Ndiyo maana sihitaji mtu wa kunishawishi kwamba tuliporwa. Ardhi ilikuwa ya Kaisari kwa sheria aliyojiandikia Kaisari. Leo tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotambua hata mabaki ya wanyama walioganda kwenye mawe. Ingekuwapo mwaka 1909, hakuna kreti ambayo ingevuka forodha bila kibali.

Na wale wa tutamtunzia wapi? Mwaka 1944 bomu lilianguka kwenye makumbusho ya Munich likateketeza mifupa ya Spinosaurus aliyechimbwa Misri, dinosaria mla nyama ambaye hakukuwa na wa pili wake. Profesa aliyempa jina, Ernst Stromer, alikuwa ameomba mkusanyiko wake uhamishwe, hakusikilizwa. Misri haikupata hata vumbi. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba Ulaya ni kabati la chuma. Paa linalovuja Lindi linazibwa kwa mabati. Tatizo letu ni kwamba hatujawahi kujenga lenyewe.

Lakini sasa nawageukia wenzangu wa kesho asubuhi. Maastricht walipokosa fuvu lao hawakukaa wakihesabu chupa za mvinyo. Waliendelea kuangalia chini. Kilima kilekile kikawa machimbo ya kiwanda cha saruji cha ENCI, na mwaka 1998 ikatoka mifupa ya mosasauri mwingine mkubwa ambaye wenyeji walimwita Bèr. Kati ya mifupa yake yalikutwa meno ya papa waliomla alipokufa, kinyume kabisa cha sinema. Leo anaonekana kwenye makumbusho ya mji wake, mfupa halisi, wala si plasta. Mwaka 2012 dereva wa katapila aliona kitu cha ajabu kwenye ukuta wa mwamba, akazima mashine na kutoa taarifa. Wakatoa mosasauri mwingine, na kwa heshima ya dereva yule wakampa mnyama jina lake: Carlo. Linganisha na wachimbaji wa karne ya 18, kisha mlinganishe na Boheti.

Machimbo yalifungwa mwaka 2018, ila ujuzi haukufungwa. Aliyekuwa mtaalamu wa makumbusho ya Maastricht, Anne Schulp, alikuwa miongoni mwa waliokwenda Angola katika mradi ulioanza mwaka 2005, wakishirikiana na Waangola, Wareno na Wamarekani kuchimba mosasauri katika miamba ya pwani ya Bentiaba. Kule alipatikana mmoja mwenye mabaki ya mosasauri wengine watatu tumboni, aliyekula ndugu zake bila haya. Jamii yake ilipewa jina la Kianda, roho wa majini katika masimulizi ya watu wa Luanda. Mifupa ilisafirishwa Marekani kusafishwa, mwaka 2018 ikaonyeshwa Washington, lakini tangu mwanzo makubaliano yalikuwa kwamba ni mali ya Angola na itarudi Angola. Angola imetoka kwenye vita vya zaidi ya robo karne. Hakuna aliyeiuliza itaitunzia wapi.

Basi dai langu kwa Berlin ni hili, na ningependa wabunge wetu wa kusini walidake hivi lilivyo. Kwanza karatasi: mkataba unaotamka kwamba mifupa ya Tendaguru ni mali ya Tanzania, popote ilipolala, na kibao pale ukumbini kisomeke kwamba imeazimwa. Hilo haligharimu hata tiketi moja ya ndege, na kwa sababu hiyohiyo ndilo litakalopingwa zaidi. Mfupa upi urudi lini, tutapanga tukiwa wenye mali, si waombaji. Wakati tunapanga, watugharamie nakala kamili ya mifupa ya yule mkubwa isimame Lindi, mjini, sio Dar es Salaam, pamoja na nakala za madaftari ya uchimbaji, michoro na picha, maana ndani ya madaftari hayo ndimo mlimo majina ya watu wetu.

Kwetu wenyewe nina maneno makali zaidi. Barabara ya kwenda Tendaguru huijui kama ni njia au korongo mpaka ukwame. Vijana wanaosomea jiolojia vyuoni wanakimbilia dhahabu na gesi, siwalaumu, huko ndiko kuna mshahara. Hata hivyo nafasi chache za masomo kwa watoto wa Lindi na Mtwara, zenye sharti la kurudi na kuchimba, haziwezi kuishinda serikali. Na kazi ipo. Katika Tendaguru tabaka za dinosaria zimepishana na tabaka za mchanga wa baharini zilizojaa magamba ya chaza, kwa sababu miaka milioni 150 iliyopita bahari ilikuwa ikipanda na kushuka mahali pale. Mosasauri walikuwa bado hawajazaliwa duniani, lakini bahari ya zama hizo ilikuwa na majitu yake mengine yenye mapezi na meno. Janensch alikwenda kutafuta mijitu ya nchi kavu na akaipata. Anayekwenda sasa aende akiwa na macho ya baharini pia.

Nimeshamwambia diwani wetu, akacheka, akaniuliza nakala hiyo itawekwa kwenye ukumbi gani. Swali zuri. Mifupa ile inasimama urefu wa mita 13 na robo kutoka sakafuni hadi utosini, na ukumbi wa halmashauri dari lake nililigusa kwa fimbo ya bendera. Kwa hiyo bajeti ianze na paa, na fundi apewe kipimo hicho kabla hajachora chochote.